Seli Inayokataa Kugawanyika: Kinga ya Saratani Inayotuzeesha

Kile kidoa cheusi kilichotuna kidogo kwenye ngozi, ambacho wengi wetu tunacho shavuni, begani au mgongoni, kina historia nzito kuliko kinavyoonekana. Mara nyingi kilianza na seli moja tu, ya aina ile inayotengeneza rangi ya ngozi, iliyopata hitilafu katika jeni iitwayo BRAF. Hitilafu hiyohiyo ndiyo inayokutwa katika sehemu kubwa ya saratani za ngozi za aina ya melanoma, hasa kwa watu weupe. Jeni hii ikiharibika inaisukuma seli igawanyike bila kupumzika. Na kweli seli ile iligawanyika: ikawa mbili, nne, nane, mpaka kidoa kikaonekana kwa macho. Halafu mgawanyiko ukasimama. Kidoa hubaki vilevile miaka 20, 30, hata 50, na kwa kawaida mwenye nacho huzikwa nacho bila kuugua.

Mwaka 2005 kundi la watafiti wa Amsterdam lililoongozwa na Daniel Peeper lilionyesha ni nini hasa kinachousimamisha mgawanyiko huo. Seli za kidoa hazikuwa zimekufa, wala hazikukosa chakula. Zilikuwa zimezeeka, maana yake zimejifungia njia ya kugawanyika huku zikiendelea kuishi na kufanya kazi nyingine. Mwaka huohuo makundi mengine yaliona jambo kama hilo katika vivimbe vichanga vya mapafu na tezi dume vya panya wa maabara. Uvimbe ulikuwa umeshaanza safari ya kuwa saratani, ukazuiwa njiani na seli zenyewe.

Mtu akiishia hapo atadhani kuzeeka kwa seli ni neema tupu. Lakini seli hizohizo zikirundikana mwilini zinachangia magoti kuuma, mapafu kukakamaa, mishipa ya damu kuharibika, na, jambo ambalo liliwashangaza hata wataalamu, zinaweza kuilisha saratani ileile zilizokusudiwa kuizuia. Nimesoma makala nyingi zinazosema seli hizi ni adui wa kuangamizwa, na nyingine zinazosema ni ngao. Naona zote zinapita pembeni ya swali lenyewe. Jambo la kuuliza ni seli iliyozeeka inakaa mwilini kwa muda gani.

Hesabu iliyofichwa ndani ya seli

Kwa nusu ya kwanza ya karne ya 20 wanabiolojia wengi waliamini kwamba seli ikitolewa mwilini, ikawekwa kwenye chupa na kulishwa vizuri, itagawanyika milele. Imani hiyo ilitoka kwa Alexis Carrel, daktari wa upasuaji Mfaransa aliyefanya kazi New York na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Mwaka huo alianza kukuza tishu ya moyo wa kifaranga, na seli zake zikatunzwa zikigawanyika kwa miaka 34, muda ambao hakuna kuku anayeufikia. Jina la Carrel lilikuwa kubwa. Maabara nyingine zilipojaribu na seli zao zikakoma, watafiti walijilaumu wenyewe: labda chakula hakikufaa, labda vyombo havikuwa safi.

Leonard Hayflick hakujilaumu. Alikuwa kijana katika Taasisi ya Wistar, Philadelphia, akihitaji seli za kawaida za binadamu ili achunguze kama virusi vinasababisha saratani. Seli zake zilikuwa zikisimama kila mara baada ya kuongezeka maradufu mara 40 hadi 60. Yeye na mwenzake Paul Moorhead, mtaalamu wa kromosomu, yaani vifurushi vya DNA vilivyomo ndani ya seli, wakabuni jaribio ambalo hadi leo linavutia kwa wepesi wake. Walichukua seli za mwanamume zilizokwisha kugawanyika mara nyingi, wakazichanganya na seli za mwanamke ambazo bado zilikuwa changa, zikaishi katika chupa moja na kula chakula kimoja. Pembeni wakaacha chupa nyingine yenye seli za kiume peke yake. Hizi zilipokoma, wakaichunguza ile chupa ya mchanganyiko kwa darubini, wakitafuta kromosomu za kiume na za kike. Zilizobaki zilikuwa za kike tu. Kama kosa lingekuwa kwenye chakula au kwenye virusi vilivyoingia, zote zingekoma pamoja. Kumbe kila seli ilikuwa na hesabu yake ndani.

Jarida la kwanza walilolipelekea makala hiyo liliikataa. Ilitoka mwaka 1961 katika jarida jingine, na ikachukua miaka kukubalika. Kuhusu seli za Carrel, maelezo ambayo wengi wanayakubali leo ni kwamba mchuzi wa viinitete vya kuku aliokuwa akiuongeza kama chakula ulikuwa ukiingiza seli mpya kwenye chupa.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba hesabu haipotei kwenye barafu. Hayflick aligandisha seli zake, na zilipoyeyushwa baada ya miaka ziliendelea kuhesabu kutoka pale zilipoishia. Aina mojawapo ya seli alizozikuza, WI-38 ya mwaka 1962, ndiyo iliyotumiwa na Stanley Plotkin katika taasisi hiyohiyo kuandaa kirusi dhaifu cha rubela, ambacho mpaka leo ndicho kilichomo katika chanjo nyingi za rubela duniani. Utafiti huu ambao huonekana wa mbali na wa matajiri umekwisha kupita katika mikono ya wauguzi wengi wa kliniki za watoto.

Kwa upande wa pili ziko seli zisizohesabu. Zile zilizochukuliwa mwaka 1951 katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, kutoka kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi, zinagawanyika hadi leo katika maabara za dunia nzima. Zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa, dhuluma ambayo familia yake imeipinga kwa miaka mingi. Hayflick ndiye aliyeuona mpaka waziwazi: seli ya kawaida ina kikomo, ya saratani imekivuka.

Hesabu yenyewe iko kwenye ncha za kromosomu, zinazoitwa telomea. Kwa binadamu ni herufi sita za DNA, TTAGGG, zinazorudiwa maelfu ya mara. Mitambo inayonakili DNA haiwezi kunakili ncha mpaka mwisho, hivyo kila seli ikigawanyika telomea hupungua kwa herufi kati ya 50 na 200 hivi. Zikifupika kupita kiasi, seli huziona ncha hizo kama DNA iliyokatika, nayo inasimama. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Nobel mwaka 2009 kwa kufafanua telomea na kimeng'enya kinachozirefusha, telomerasi. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walipoingiza jeni ya telomerasi katika seli za kawaida za binadamu, seli hizo zilivuka kikomo cha Hayflick. Na asilimia karibu 85 hadi 90 ya saratani zimeiwasha telomerasi hiyohiyo. Mtu anayetangaza kwamba dawa ya kurefusha telomea itamfanya kijana anapaswa kwanza kueleza atafanya nini na jambo hilo.

Breki mbili

Telomea fupi si sababu pekee. Mionzi, moshi wa sigara, sumu, na hata jeni inayosukuma saratani vinaweza kuizeesha seli ambayo bado ni changa kwa hesabu. Jambo hili lilidhihirika mwaka 1997, pale Manuel Serrano, Scott Lowe na wenzao katika maabara ya Cold Spring Harbor walipoingiza jeni ya ras, mojawapo ya jeni zinazojulikana sana kwa kuchochea saratani, katika seli za kawaida. Walichotegemea wengi ni kwamba seli zingegawanyika ovyo. Baada ya muda mfupi zilisimama, zikawa pana na bapa, zikakaa hivyo.

Wanaozisimamisha ni protini mbili ambazo msomaji atazikuta katika kila maelezo ya jambo hili: p53 na p16. Ya kwanza husikiliza taarifa za DNA iliyoharibika. Ya pili huzuia vimeng'enya vinavyoifungulia seli mlango wa kugawanyika. Ni breki za kweli. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina hitilafu katika jeni ya p53. Familia zinazorithi jeni mbovu ya p53 hupata saratani za aina nyingi tangu utotoni, na zile zinazorithi jeni mbovu ya p16 hupata melanoma kwa wingi. Kwa kawaida saratani haisongi mbele bila kwanza kuing'oa mojawapo ya breki hizi, au zote.

Sasa mtu atauliza: kwa nini tusizikaze zaidi? Jaribio hilo lilitokea Houston, Texas, karibu kwa bahati. Mwaka 2002 kundi la Lawrence Donehower lilieleza habari za panya waliokuwa na p53 yenye nguvu kupita kawaida. Saratani iliwapata kwa nadra sana. Lakini mifupa yao ilipungua uzito mapema, ngozi ikawa nyembamba, vidonda vikachelewa kupona, na wakafa mapema: nusu yao walikuwa wamekufa ndani ya wiki 96 hivi, wakati wenzao wa kawaida walifika wiki 118. Waliepuka saratani, na uzee ukawachukua.

George Williams, mwanabiolojia wa Marekani, alikuwa ameandika mwaka 1957 kwamba jeni inayomfaa kiumbe katika miaka ya kuzaa inaweza kuenezwa na uteuzi wa asili hata kama itamdhuru baadaye, kwa kuwa madhara ya uzeeni hayapunguzi idadi ya watoto aliokwisha kuwaacha. Hakuwa akizungumzia p53 wala p16, havikuwa vimegunduliwa. Lakini sijaona mfano unaomkaa vizuri kuliko huu.

Seli iliyozeeka hainyamazi

Kwa muda mrefu seli hizi zilichukuliwa kuwa kama zimelala. Aliyebadilisha picha hiyo kuliko mtu mwingine ni Judith Campisi, aliyefanya kazi California na kumalizia katika Taasisi ya Buck, mjini Novato. Mwaka 1995 maabara yake ilitoa njia ya kuzitambua ambayo bado inatumika: kimeng'enya fulani hufanya kazi ndani yake hata katika kiwango cha asidi ambacho seli za kawaida hushindwa, hivyo ukiziwekea rangi inayofaa zinageuka buluu. Kwa darubini unaona seli za kawaida zikiwa nyembamba, hazina rangi, na katikati yake limetanda lijiseli pana lenye madoa ya buluu.

Mwaka 2001 maabara yake ilichanganya seli za tishu unganishi zilizozeeka na seli za utando zilizokuwa na dalili za awali za saratani. Seli hizo za utando ziliongeza kasi ya kukua, na zilipopandikizwa kwa panya zikaota vivimbe. Zilipochanganywa na seli changa hali hiyo haikutokea. Mwaka 2008 kundi hilo likaeleza kwa kina kinachotemwa na seli iliyozeeka: interlukini-6 na interlukini-8 zinazoita askari wa kinga na kuwasha mchochota, vichocheo vya ukuaji, na vimeng'enya vinavyokatakata nyuzi za kolajeni zinazoishikilia tishu. Mchanganyiko huo unaweza pia kuzizeesha seli za jirani ambazo hazikuwa na kosa. Campisi alifariki mwezi Januari 2024, na Hayflick akamfuata Agosti ya mwaka huo.

Kwa nini seli iteme vitu vya hatari namna hiyo? Jibu linaanza kwenye kidonda. Mwaka 2014 Marco Demaria, akiwa katika maabara ya Campisi, alionyesha kwamba ngozi ya panya ikikatwa, seli zilizozeeka hutokea pale siku chache baadaye, hutoa kemikali inayosaidia kidonda kufunga, kisha hutoweka. Ukiziondoa, kidonda huchelewa kupona. Mwaka mmoja kabla yake, makundi mawili ya watafiti yalikuta seli za namna hiyo katika kiinitete, zikisaidia kuunda viungo kama vile miguu, kabla ya kusafishwa na kinga ya mwili. Ule mchanganyiko, basi, ni wito: njooni, hapa pana kazi, mkimaliza na mimi niondoeni. Katika ini la panya wito huo umeonekana ukifanya kazi dhidi ya saratani pia. Mwaka 2007 kundi la Scott Lowe liliirudisha p53 katika vivimbe vya ini ambavyo ilikuwa imezimwa. Seli zikazeeka, na askari wa kinga wakaja kuzimaliza mpaka vivimbe vikatoweka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sidhani kuna namna bora ya kuieleza biolojia hii. Seli iliyozeeka inafaa kwa siku chache. Madhara yake hutokea inapokaa miezi na miaka, ikiendelea kuita kinga ambayo haiji, kwa sababu kinga nayo imezeeka au seli zimekuwa nyingi kupita uwezo wake.

Panya wa Minnesota

Mpaka hapo mtu angeweza kusema seli hizi ni dalili tu ya uzee, kama mvi, wala si chanzo. Hoja hiyo ilijibiwa katika Mayo Clinic, mjini Rochester, Minnesota. Darren Baker na Jan van Deursen walitengeneza panya ambao kila seli iliyowasha p16 ilibeba pia swichi ya kujiua, iliyosubiri dawa maalumu. Mwaka 2011 walilitumia jaribio hilo kwa panya wenye ugonjwa wa kuzeeka haraka, na wakachelewesha mtoto wa jicho, kunyauka kwa misuli na kupotea kwa mafuta chini ya ngozi. Mwaka 2016 wakalirudia kwa panya wa kawaida kuanzia umri wa mwaka mmoja, ambao kwa panya ni utu uzima. Umri wa wastani ukaongezeka kwa asilimia 24 hadi 27. Figo na moyo vilibaki katika hali bora zaidi, na saratani zilichelewa kutokea.

Hilo la mwisho lipewe uzito. Kama seli zilizozeeka zingekuwa kinga dhidi ya saratani na basi, kuziondoa kungeongeza saratani. Hazikuongezeka. Inaelekea kinga inayopatikana ni katika tendo lenyewe la kusimama. Seli ikishasimama, kuwapo kwake hakuongezi faida hiyo, na kemikali zake zinawasumbua majirani.

Mwaka 2018 watafiti wa hapohapo Mayo, wakiongozwa na James Kirkland na Tamara Tchkonia, walifanya kinyume chake. Waliwapandikizia panya vijana seli zilizozeeka, kiasi cha milioni 1. Hesabu yao ilikuwa kwamba seli 1 tu kati ya 7,000 hadi 15,000 ikiwa imezeeka inatosha kumdhoofisha panya kijana: anatembea polepole, anashika kwa nguvu ndogo, anachoka mapema. Hapo awali, mwaka 2015, kundi hili lilikuwa limepata jozi ya dawa inayoua seli zilizozeeka na kuziacha nyingi za kawaida: dasatinibu, dawa ya saratani ya damu, na kwasetini, kiambata cha asili kilichomo kwenye vitunguu na matofaa. Panya wazee waliopewa jozi hiyo waliishi muda uliobaki wakiwa na nyongeza ya asilimia 36 kuliko wenzao.

Lakini si kila seli yenye p16 ni takataka. Mwaka 2020 watafiti nchini Ufaransa walipoziondoa kwa mfululizo kwa panya, wakakuta nyingi ni seli zinazotanda ndani ya mishipa midogo ya ini. Mwili haukuweza kuzijaza tena. Mahali pake pakawa na makovu, na afya ya panya ikaporomoka. Matokeo haya hayatajwi sana na wanaouza matumaini, na mimi nayaona kuwa mojawapo ya matokeo muhimu kuliko yote katika uwanja huu.

Ndani ya matibabu ya saratani

Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti wanaijua doksorubisini kwa rangi yake: chupa ya dripu yenye maji mekundu, na mkojo unaoweza kuwa mwekundu siku moja au mbili baadaye. Dawa hii, kama ilivyo kwa mionzi, huharibu DNA. Seli nyingi za saratani hufa. Nyingine hazifi, zinazeeka. Na pamoja nazo huzeeka seli za kawaida za moyo, mishipa na uboho.

Mwaka 2017 Demaria na wenzake walifuatilia seli hizo katika panya waliotibiwa. Zilipoondolewa baada ya tiba, moyo haukuathirika sana, panya walirudia kukimbia kwenye gurudumu lao, na saratani ilirejea kwa nadra. Kwa wanawake waliokuwa wakitibiwa saratani ya matiti, wale walioanza tiba wakiwa na p16 nyingi katika seli zao za kinga ndio waliochoka zaidi baadaye. Uchovu huo ambao ndugu husema ni wa mawazo, au ni uvivu, una alama yake ndani ya damu.

Zaidi ya hapo, seli ya saratani iliyozeeka haiaminiki. Kwa seli ya kawaida kusimama ni kwa kudumu. Ya saratani, yenye breki mbovu, inaweza kupenya. Mwaka 2018 kundi la Clemens Schmitt, Berlin, lilionyesha kwamba seli za limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, zilizozeeshwa na dawa kisha zikatoroka hali hiyo zilirudi na tabia za seli shina, zile zinazozaa seli nyingine, na kukua kwa ukali kuliko zile ambazo hazikuwahi kuzeeka.

Ndipo wazo la mapigo mawili likaja, ambalo René Bernards wa Taasisi ya Saratani ya Uholanzi ni mmoja wa wanaolisukuma. Pigo la kwanza huizeesha saratani kwa makusudi, kwa dawa au mionzi. Pigo la pili huja nyuma yake na dawa inayoua seli zilizozeeka, kabla hazijapata nafasi ya kutoroka wala kuchochea nyingine. Lina mantiki kubwa, kwa kuwa linaifuata ratiba ile ambayo mwili wenyewe hutumia kwenye kidonda. Ugumu ni dawa za pigo la pili. Navitoklaksi, mojawapo ya zenye nguvu, huua pia chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na mgonjwa wa saratani mara nyingi hana chembe sahani za kupoteza.

Kwa binadamu

Jaribio la kwanza la jozi ya dasatinibu na kwasetini kwa watu lilitangazwa mwaka 2019. Wagonjwa 14 wenye ugonjwa wa mapafu kujaa makovu bila sababu inayojulikana walimeza dawa siku 3 kwa wiki, kwa wiki 3. Walitembea umbali mrefu kidogo zaidi kuliko mwanzo. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na mtu anayejua amepewa dawa mpya anaweza kutembea zaidi kwa matumaini tu.

Mwaka 2020 kampuni ya Unity Biotechnology ya California ilichoma dawa ya namna hii moja kwa moja kwenye magoti yenye baridi yabisi ya uzeeni. Baada ya wiki 12, waliopata dawa na waliopata maji matupu hawakutofautiana kwa maumivu. Mwaka 2024 matokeo ya wanawake 60 waliokwisha koma hedhi, waliopewa ile jozi kwa vipindi ndani ya wiki 20, yalionyesha kwamba mifupa haikuacha kumomonyoka kwa kundi zima. Dalili za faida zilionekana kwa wale waliokuwa na seli nyingi zilizozeeka tangu mwanzo.

Kwa hiyo niseme wazi kwa anayeona matangazo ya vidonge vya kwasetini au fisetini mtandaoni, vikiuzwa kama dawa ya kuondoa seli zee: hakuna jaribio lililoonyesha kwamba vinarefusha maisha ya binadamu. Na dasatinibu si ya kujaribu nyumbani hata kidogo. Inapunguza seli za damu na inaweza kujaza maji kwenye utando wa mapafu. Inapotumika ipasavyo inaokoa wagonjwa wa saratani ya damu, na hapo hutumika chini ya macho ya daktari na vipimo vya mara kwa mara.

Kikwazo kikubwa kwa sasa ni kipimo. Ile rangi ya buluu inahitaji kipande cha tishu. p16 huwaka pia katika seli ambazo hazijazeeka, kama ile habari ya ini ilivyofundisha. Hakuna kipimo cha damu kinachokubalika na wote cha kumwambia daktari kwamba mgonjwa huyu ana seli nyingi zilizokaa kupita kiasi, na ziko kwenye kiungo fulani. Bila hicho, matokeo kama yale ya wanawake 60 yataendelea kuchanganya wanaohitaji dawa na wasioihitaji. Mwaka 2021 taasisi za taifa za afya za Marekani zilianzisha mtandao wa maabara, SenNet, wa kuchora ramani ya seli hizi katika viungo vya binadamu, kiungo baada ya kiungo.

Na yupo mnyama mmoja wa kwetu anayefuatiliwa kwa karibu sana: fuko asiye na manyoya, anayechimba mahandaki katika nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Ana ukubwa wa panya, lakini anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, mara kumi ya panya wa maabara, na saratani imeonekana kwake kwa nadra mno. Watafiti walijiuliza kama seli zake hazizeeki. Zinazeeka. Mwaka 2023 kundi la Kyoko Miura katika Chuo Kikuu cha Kumamoto, Japani, lilieleza kinachofuata: seli za fuko huyu zina serotonini nyingi kuliko za panya, na zikizeeka, kimeng'enya kimoja huanza kuivunja serotonini hiyo na kuzalisha peroksidi ya hidrojeni, ambayo seli hizo haziivumilii. Zinakufa zenyewe, taratibu, bila kungoja kinga ije kuziondoa. Seli za panya zilizozeeshwa kwa njia hiyohiyo zilibaki hai.